Jinsi Baba Alivyoiombea CD Kibali cha Silaha

Mwaka wa 2007 nilikuwa nikifundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Nakuru, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vyuma la mzee mmoja Kalasinga. Chini walikuwa wakikata mabomba kwa msumeno wa umeme, na juu mimi nilikuwa nikipaza sauti kueleza tofauti ya kufuta na kuhifadhi. Mkuu wa chuo alisikia uvumi kwamba kuna wakaguzi wanaopita vyuoni wakitafuta programu za wizi. Zetu zote zilikuwa za wizi. Akanipa wiki mbili nitafute njia nyingine.

Njia niliyoipata ni programu huria: zile ambazo walioziandika wamesema mtu yeyote azitumie, azinakili, azigawe, hata azibadilishe akitaka. Nilizipakua kwenye saiba, duka la intaneti la mtaa wa pili, kidogo kidogo kwa siku nne, nikazichoma kwenye CD, na kutoka siku hiyo nikawa kama mtu aliyeokoka juzi. Sikuweza kupanda ngazi na mtu bila kumhubiria. Nilimpa CD mpishi wa chuo, ambaye hakuwa na kompyuta. Nilimpa mzee wa duka la vyuma, akaitundika mlangoni kwa uzi ifukuze ndege.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, wakati huo alikuwa akifundisha Juba. Shule yake ilikuwa imepewa kompyuta kumi na mbili na wafadhili, zikafika zikiwa tupu kabisa, hazina hata programu ya kuandika barua. Mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha. Akanipigia simu akasema, "Hiyo CD unayosumbua nayo watu, nitumie moja." Sikuwahi kuambiwa jambo tamu kama hilo.

Nilikuwa bado naishi kwa wazazi, Kiamunyi. Jumapili moja baada ya kanisa nikakaa mezani na CD, bahasha na gundi, niandike anwani. Baba akaja akasimama nyuma yangu.

Lazima nieleze kuhusu baba. Alikuwa amestaafu kazi ya forodha baada ya miaka mingi mpakani, na kazi ile ilikuwa imemwachia ugonjwa wa kusoma. Alisoma karatasi ndani ya pakiti ya dawa. Alisoma maandishi nyuma ya mfuko wa mbegu. Mama akirudi na nyama iliyofungwa kwa gazeti, nyama ilingoja mpaka baba amalize ukurasa. Kitu kikivuka mpaka bila maelezo kilimkosesha usingizi, hata kama mpaka wenyewe ni lango letu.

"Ndani kuna nini?" akauliza.

"Programu, Baba. Za kompyuta."

"Za nani?"

"Za kila mtu."

Hilo jibu lilikuwa kosa langu la kwanza. Akavuta kiti, akaniomba niiweke kwenye kompyuta aione. Nilikuwa na kompyuta kuukuu chumbani, yenye kisogo kikubwa kama televisheni ya zamani. Nikaanza kumwonyesha jinsi programu inavyowekwa. Kikatokea kile kijisanduku cha masharti, ambacho watu wote duniani hubonyeza "Nakubali" na kuendelea na maisha yao. Mkono wangu ulikuwa umeshafika. Baba akaushika.

"Hujasoma."

"Hakuna anayesoma, Baba."

"Niletee miwani."

Sijawahi kumwona binadamu mwingine akisoma yale masharti mpaka mwisho. Alisoma kwa kidole juu ya kioo, akinung'unika, akirudi nyuma penye neno asilolielewa. Mama aliita chakula mara mbili. Tulipokuwa karibu kumaliza, kidole kikasimama, baba akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mwalimu," akasema. Aliniita hivyo tangu nipate kazi, nusu kwa fahari, nusu kwa kunitania. "Binamu yako yuko wapi?"

"Juba."

"Juba iko nchi gani?"

Wakati huo jibu lilikuwa moja tu. "Sudan."

"Basi umekamatwa."

Ilikuwa imeandikwa pale kwamba programu hizi zina sehemu ya kufunga maandishi kwa siri, kwa hiyo ziko chini ya sheria za Marekani za kusafirisha bidhaa nje, na haziruhusiwi kupelekwa Kuba, Iran, Korea Kaskazini, Siria wala Sudan. Nilikuwa nimebonyeza hayo mara zaidi ya hamsini bila kujua.

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia kufunga kwa siri ni hesabu tu: unaandika barua, programu inaivuruga kwa ufunguo, asiye na ufunguo anaona takataka. Benki hutumia, hata barua pepe hutumia. Halafu, kwa kujionyesha kwamba nimesoma, nikaongeza kwamba zamani Wamarekani walikuwa wameziweka hesabu hizo katika orodha ya silaha, pamoja na bunduki na vifaru, kwamba baadaye walilegeza, lakini kwa nchi chache bado wamekaza.

Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Katika yote niliyosema baba alisikia neno moja.

"Silaha," akasema.

"Si silaha kweli, Baba. Ni kuandikwa tu."

"Bunduki yenyewe ni silaha kwa sababu imeandikwa. Kama haijaandikwa ni chuma."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, akauliza kama inaweza kulipuka. Nikamwambia haiwezi. Akaniangalia, akamwangalia baba, akaitoa CD kwenye kompyuta kwa ncha za vidole, akaipitisha mbali na kabati la glasi zake za harusi. Akaipeleka stoo, akaiweka rafu ya juu, pamoja na sumu ya panya.

Nilibishana na baba siku tatu. Nilimwambia sisi tuko Nakuru, sheria ya Marekani inatuhusu nini. Akaniuliza, "Ulibonyeza wapi?" Nikasema, "Nakubali." Akasema, "Basi ulikubali. Hukulazimishwa." Nikamwambia naweza kuitia mfukoni mwa mtu yeyote anayeenda Juba na isijulikane. Hapo akasema kwamba maisha yake yote ya kazi alikula mkate kwa sababu ya watu waliofikiri hivyo. Kwa sauti ya mtu aliyeshaamua, akaongeza: "Itaenda. Lakini itaenda na karatasi zake."

Tukaanza na wenyewe, yaani waliotengeneza. Nilikaa saiba na baba ubavuni, yeye akitamka, mimi nikiandika kwa Kiingereza chake cha ofisi. Tuliwasalimu, tukajitambulisha, tukaeleza historia ya shule ya binamu, tukaomba kibali cha maandishi. Mwenye saiba alikuja mara mbili kuangalia kama tunaandika wosia.

Jibu lilikuja baada ya wiki. Aliyejibu alikuwa mmoja wa wale wanaojitolea, yuko Ulaya, mtu mpole sana. Alisema yeye si wakili. Mchana anatengeneza baiskeli. Alisema sehemu ile ya kufunga kwa siri iliandikwa na watu wa huko Ulaya, nje ya Marekani, makusudi, ili isibanwe na sheria hiyo. Kisha ikapelekwa Marekani kuunganishwa na nyingine, na kwa kuwa sasa inatokea huko, sheria imeing'ang'ania. Alisikitika. Mwisho akaomba kitu kimoja: tafadhali tusimwambie zaidi mahali tunapoipeleka, kwa sababu kutojua si kosa, lakini sasa karibu tunamfanya ajue.

Baba aliisoma ile barua njia nzima ya kurudi nyumbani. "Kitu kimezaliwa Ulaya," akasema, "kikapitia Marekani, kikatoka huko kikiwa silaha ya Marekani?"

"Ndiyo, Baba."

"Ng'ombe wangu akipitia shamba la jirani, anakuwa wa jirani?"

Lakini lililomuuma zaidi ni lile ombi la mwisho. "Huyu mtu ananiambia nisimwambie," alisema. "Madereva waliniambia hivyo kila siku. Mzee, usifungue hapo, ukifungua utajua."

Nilidhani ameshakata tamaa. Jumatatu iliyofuata nikamkuta amevaa koti na tai, anapiga viatu rangi. Tulikuwa tunaenda ofisi ya forodha ya mjini.

Pale dirishani alikuwa msichana wa rika langu, mwenye subira. "Mzee, mnasafirisha nini?"

"CD moja."

"Ya gospel?"

"Ya programu za kompyuta. Ina silaha ndani."

Msichana akaniangalia mimi. Nikaangalia sakafu. Akatoa fomu, labda kwa sababu fomu ndiyo iliyokuwa karibu, na baba akaijaza kwa herufi kubwa nzuri. Ilimkwamisha mahali pawili. Penye thamani aliandika "bure", na msichana akasema bure haiwezekani, lazima kuwe na kitu. Baba akamwambia kuandika kitu ambacho si kweli kwenye fomu ile ni kosa, akamtajia hata kifungu. Penye uzito ndipo palipotukwamisha kabisa, kwa sababu fomu ilitaka kilo na sisi hatukuwa tumepima.

Tukarudi chuoni, tukamwomba mzee wa duka la vyuma mizani yake ya misumari. Akaiweka CD juu ya sahani, akainama, akagonga kioo cha mizani kwa kidole. Mshale haukusogea.

"Mzee mwenzangu," akamwambia baba kwa huruma, "hii kitu haiko."

Baba akaandika "uzito hauonekani". Tuliporudisha fomu, msichana wa dirishani aliisoma yote, akaikunja vizuri, akasema kwa adabu kwamba kama kweli ni silaha, basi si kazi ya forodha, ni ya polisi.

Mimi nilitaka kulia. Baba alifurahi. Alisema msichana yule anajua kazi yake.

Polisi tulipelekwa meza ya leseni za bunduki. Afande aliyekuwa pale alikuwa mnene, amechoka, anakula karanga. "Silaha iko wapi?" akauliza.

Baba akaiweka CD mezani. Afande akajifuta mikono kwenye suruali, akaishika, akaigeuza, akajiona sura, akajitengeneza masharubu kidogo.

"Sasa hii inapiga aje?"

"Haipigi. Inafunga barua."

"Inafunga barua." Afande alirudia pole pole, kama mtu anayeandika taarifa. "Ikishafunga, mtu anaumia?"

"Hapana. Haisomeki tu."

"Mwandiko wa daktari wetu pia hausomeki, na hatujamkamata."

Baba akamweleza yote tangu mwanzo: shule ya Juba, masharti, mtengeneza baiskeli, ng'ombe na jirani. Afande alisikiliza mpaka mwisho, na namsifu kwa hilo mpaka leo. Kisha akanigeukia mimi. "Dada, mzee analala vizuri?" Nikasema analala. "Anakula?" Nikasema anakula. Akapumua. Akamwomba baba barua ya kusindikiza mzigo aliyokuwa ameiandika nyumbani, inayoeleza kila kitu kwa Kiingereza, akachukua mhuri, akaugonga chini ya barua. Mhuri ulisema IMEPOKEWA, basi. Haukusema imekubaliwa. Lakini baba aliibeba ile karatasi mpaka nyumbani kwa mikono miwili, kama keki.

Hiyo ilikuwa Desemba. Wiki chache baadaye ukaja uchaguzi, na ghasia zilizofuata watu wa Nakuru hawahitaji mimi kuwaeleza. Chuo kilifungwa. Uwanja wa maonyesho ulijaa watu na magodoro yao. Pale Kiamunyi tulikaa ndani ya malango, tukisikiliza, na mama alipika kwa vyungu vikubwa vikapelekwa kanisani kila siku. Baba aliacha kusoma. Ndilo jambo lililonitisha kuliko mengine. Gazeti lilikuwa linakaa mezani limekunjwa. CD ilibaki stoo na sumu ya panya na hakuna aliyeikumbuka. Binamu alipiga simu kila siku kutoka Juba. "Watu wa hapa wananipa pole," alisema siku moja. "Mwalimu mkuu amesema kama mambo ni mabaya niwalete nyinyi huku." Tulicheka wote wawili, kisha salio likaisha.

Barabara ilipofunguka, mwishoni mwa Februari, chuo kikaita wanafunzi, na walikuja nusu tu. Asubuhi moja nikamwona baba ametoka stoo na CD mkononi. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Sikujali tena kama ni silaha.

Tukaenda Salgaa kutafuta dereva. Malori yalikuwa yamepangwa kando ya barabara mpaka inapopinda, madereva wakinywa chai na kuulizana habari za mbele. Tuliambiwa kuna mmoja anayepeleka saruji Juba kupitia Uganda. Tulimkuta hotelini anakula chapati na maharagwe, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye kofia ya sufu. Alipomwona baba akaacha kutafuna.

"Mzee," akasema, "wewe ni wa pale mpakani Malaba."

"Nilikuwa."

"Ulinishushisha mabati yote kwa mvua. Gari nzima. Sababu ya jiko moja la mama yangu ambalo sikuliandika."

"Uliliandika baadaye?"

"Niliandika."

"Basi," baba akasema, akakaa, akaagiza chai tatu. Sikujua kama wangepigana au wangekumbatiana. Walizungumza nusu saa juu ya watu wa mpakani wa zamani, nani amekufa, nani ameoa tena, na mwishoni dereva alikuwa anamwita baba mkubwa wake wa kazi.

Alipoona mzigo wenyewe ni CD moja alicheka, akataka kuitia mfuko wa shati. Baba akamzuia. Akampa bahasha ya kaki: CD, barua yenye mhuri, nakala mbili za barua, na karatasi yenye namba yake ya simu. "Ukisimamishwa popote," akamwambia, "usifiche. Toa barua."

Dereva akaahidi. Kiingereza hakikuwa rafiki yake, hakusoma. Aliichomeka bahasha juu ya kioo cha mbele, akaondoka.

Kesho yake, karibu saa nne asubuhi, mama akiwa anachambua mboga na mimi nikijiandaa kwenda kazini, simu ya baba ikalia. Namba hakuijua. Akasikiliza sekunde chache, akasimama wima, akafunga kifungo cha shati. Baba alikuwa hawezi kuongea na afisa akiwa amekaa, hata kwa simu.

Yaliyotokea upande wa pili nilisimuliwa na dereva mwenyewe wiki kadhaa baadaye. Mbele ya Eldoret kulikuwa na kizuizi, na siku zile polisi hawakuwa na mchezo. Walitafuta silaha kwenye kila gari, chini ya kila kiti. Walimwuliza kama amebeba chochote. Akafanya kama alivyoagizwa: akatoa barua. Afisa mdogo akaisoma mstari wa kwanza, ambao baba alikuwa ameuandika kwa uangalifu mkubwa ili usifiche kitu, na ambao kwa Kiswahili ungekuwa hivi: mwenye barua hii amebeba kifaa kimoja kilichoorodheshwa pamoja na silaha.

Dereva alijikuta amelala kifudifudi juu ya lami. Bahasha ikawekwa peke yake katikati ya barabara, na watu wote wakarudi nyuma. Malori yakasimama kuelekea Eldoret, yakapiga honi, kisha habari ikapita mdomo kwa mdomo na honi zikanyamaza. Walimwuliza risasi ziko wapi. Akasema hajui, ni za mzee. Wakamwuliza mzee gani. Akasema wa forodha. Mwishowe mkubwa wao akafika, akaikaribia bahasha, akaifungua kwa fimbo, CD ikamtokea. Ndipo akapiga simu.

Mimi nilisikia upande wa baba tu.

"Ndiyo, afande, ni mimi niliyeandika... Ndiyo, ni silaha... La, si silaha ya hivyo. Ni ya hesabu... Hesabu, afande. Kama za shuleni... Kwa sababu Marekani wamesema hivyo... Hapana, mimi si Mmarekani. Ukisoma aya ya tatu utaona."

Kisha akamsomea aya ya tatu. Kisha ya nne. Mama aliacha mboga. Nilikuwa naona kesi, magazeti, jina la ukoo wetu. Baba alieleza kwa utulivu, akifuatisha hewani kwa kidole kana kwamba afande anakiona, na nilitambua kwamba hivi ndivyo alivyokuwa akiongea kabla ya Desemba. Ilichukua kama dakika ishirini. Mwisho akasema, "Asante, afande. Na wewe pia. Kazi njema," akakaa.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema ameisoma barua yangu mara mbili na hajaona kosa hata moja." Baba alifungua kile kifungo cha shati. "Amesema siku nyingine nisiandike barua."

"Na dereva?"

"Ameachiliwa. Wamempa maji."

Mama alisema mambo kadhaa kuhusu watu wanaopenda ukweli kuliko watoto wa wenzao waliolazwa kwenye lami. Baba alikubali yote. Alisema kweli, dereva anastahili pole, na baadaye alimtumia mbuzi, mbuzi mzima, kwa gari la saruji lililofuata. Lakini hakuweza kuficha furaha. Alizungukazunguka sebuleni, akasimama dirishani, akasema, zaidi kwa kioo kuliko kwetu, "Mara mbili. Ameisoma mara mbili." Kisha akachukua gazeti la siku hiyo, akalikunjua, akaanza ukurasa wa kwanza.

CD ilifika Juba katikati ya Machi. Binamu akapiga simu, nikaweka spika ili baba asikie.

"Imefika," akasema. "Asanteni sana. Lakini hata msingejisumbua hivyo. Kompyuta zetu ziliwekwa programu hizo hizo tangu Januari."

"Na nani?" nikauliza.

"Kuna jamaa alikuja na mradi mmoja, akakaa siku tatu. Alikuwa na begi limejaa hizo CD. Alikuwa anagawa kama peremende."

"Jamaa wa wapi?"

"Mmarekani."

Baba akaisogelea simu. "Alikuambia alipita mpaka gani?"

"Alikuja na ndege, Mjomba."

"Na alitangaza alichobeba?"

"Sidhani, Mjomba. Alikuwa na kaptura."

Baba akaegemea kiti. Kwa miezi minne alikuwa amesimamia sheria ya nchi ambayo hajawahi kukanyaga, na mwenye nchi amekuja na kaptura akazimwaga CD kama peremende. Nilimhurumia kwa kweli. Nilitaka kukata simu.

"Lakini barua, Mjomba," binamu akaendelea. "Hiyo barua yako imetusaidia sana. Kuna watu wa ofisi fulani walikuwa wanakuja kila wiki, wanasema hizo kompyuta ni nyingi kwa shule, wanataka kubeba sita. Juzi wamekuja, wakakuta mwalimu mkuu ameibandika barua mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Wakasoma mstari wa kwanza, wakaona mhuri wa polisi wa Kenya. Wakaulizana wao kwa wao. Wakaenda, hawajarudi."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika uso kwa leso, nami nikafuata, na binamu kule akacheka mpaka akakohoa. Baba hakucheka. Alingoja tumalize.

"Mlangoni kwa ndani au kwa nje?" akauliza.

"Kwa nje, Mjomba."

"Mvua itaiharibu," akasema. "Mwambie mwalimu mkuu aiweke kwenye fremu yenye kioo. Na nakala ya pili ibaki kwenye faili."

Binamu akasema atamwambia. Baba akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda kuangalia kuku.